Nchi Moja, Vikosi 16 vya Polisi

Mwaka 1998 magari ya Bosnia na Herzegovina yalianza kufungwa namba mpya za usajili. Kabla ya hapo namba ya gari ilitosha kumfichua dereva. Ilionyesha anatoka upande gani wa nchi, na kwa kuwa vita kati ya jamii zake tatu, Wabosniaki (ambao wengi wao ni Waislamu), Waserbia na Wakroatia, vilikuwa vimemalizika miaka mitatu tu iliyotangulia, upande aliotoka ulionyesha jamii yake, na jamii yake ndiyo iliyoamua kama askari wa kizuizi cha mbele angempungia mkono apite au angemteremsha garini na kumpekua. Carlos Westendorp, Mhispania aliyekuwa Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa nchini humo, alipoona wanasiasa wa pande zote hawako tayari kukubaliana, aliamuru pawepo namba za aina moja kwa nchi nzima, zinazotumia tu zile herufi zinazofanana katika alfabeti ya Kilatini na ile ya Kikirili, na zisizotaja mji wala mkoa. Baada ya muda mfupi watu walianza tena kuendesha magari yao kuvuka mstari ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wakiuogopa.

Namba hizo zilimficha dereva asitambuliwe na askari. Askari mwenyewe alibaki vilevile, akiwajibika kwa wakubwa walewale. Jaribio la kumbadilisha askari, yaani kubadilisha utaratibu wa nani anamwajiri, nani anampandisha cheo, nani anamwamuru na nani anasikiliza malalamiko dhidi yake, lilikuja miaka sita baadaye. Liliiteka siasa ya nchi hiyo kwa karibu miaka minne, likawaangusha baadhi ya viongozi na kuwapandisha wengine, kisha likaishia kwenye sheria mbili ambazo kwa maoni yangu ziliyagusa mambo hayo kwa ncha ya kidole tu. Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyoshawishika kuwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba mageuzi yalikwama kwa sababu Wabosniaki, Waserbia na Wakroatia wanachukiana, yanawapa wanasiasa wao msamaha wasioustahili.

Mkataba wa amani uliofikiwa Dayton, Ohio, mnamo Novemba 1995 na kutiwa saini Paris tarehe 14 Desemba mwaka huohuo uliiacha Bosnia ikiwa nchi moja yenye maeneo mawili makubwa ya utawala: Shirikisho la Bosnia na Herzegovina, lenye Wabosniaki na Wakroatia wengi na asilimia 51 ya ardhi, na Republika Srpska, yenye Waserbia wengi na asilimia 49. Shirikisho lenyewe limegawanyika katika kantoni 10. Baadaye likaongezwa eneo la Brčko, ambalo lina utawala wake. Katiba ya nchi ni kiambatisho cha nne cha mkataba huo, nayo iliyakabidhi maeneo hayo mawili wajibu wa kuwalindia watu usalama kwa kutumia vyombo vyao vya polisi. Hivyo Republika Srpska ina polisi yake, Shirikisho lina polisi yake, kila kantoni ina polisi yake pamoja na waziri wake wa mambo ya ndani na kamishna wake, na Brčko ina polisi yake. Ukijumlisha vyombo vitatu vya ngazi ya taifa, yaani polisi wa mipaka, shirika la upelelezi na ulinzi linalojulikana kwa kifupi kama SIPA, na kurugenzi ya kuratibu polisi, unafikia 16. Sensa ya 2013 ilihesabu watu wapatao milioni 3.5 katika nchi hiyo.

Mstari unaotenganisha Shirikisho na Republika Srpska una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na hauna uzio wala kituo cha ukaguzi. Mwizi wa gari huuvuka kwa dakika moja. Askari aliyekuwa akimfukuza, kwa miaka mingi baada ya vita, alilazimika kusimama na kutegemea hisani ya mwenzake wa upande wa pili, ambaye pengine alivaa sare tofauti, alifuata sheria tofauti ya mwenendo wa jinai, na aliripoti kwa waziri ambaye hakuwa na sababu ya kumsaidia mpinzani wake wa kisiasa. Magendo ya sigara, biashara ya binadamu na wizi wa magari vilishamiri katika pengo hilo, na wahalifu waliolitumia walishirikiana vizuri sana bila kuulizana jamii.

Lakini kulizungumzia suala hili kana kwamba ni upungufu wa ufanisi tu ni kuwadharau wale walioishi chini ya polisi hao. Wakati wa vita polisi walikuwa washiriki. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 1992, askari polisi wa Kiserbia walishiriki kuutwaa mji wa Prijedor, na miezi iliyofuata wengine wao walilinda na kuendesha kambi za Omarska na Keraterm, ambamo Wabosniaki na Wakroatia waliteswa na kuuawa. Mkuu wa polisi wa Prijedor, Simo Drljača, aliuawa Julai 1997 alipopambana na wanajeshi wa Uingereza waliokwenda kumkamata. Mićo Stanišić, waziri wa kwanza wa mambo ya ndani wa Waserbia wa Bosnia, na Stojan Župljanin, aliyeongoza kituo cha usalama cha Banja Luka, mji ambao sasa ni makao ya serikali na bunge la Republika Srpska, walihukumiwa na mahakama ya uhalifu wa kivita ya The Hague mwaka 2013 kifungo cha miaka 22 kila mmoja, na rufaa zao zikakataliwa mwaka 2016. Ljubomir Borovčanin, naibu kamanda wa kikosi maalumu cha polisi, alipewa miaka 17 kwa makosa yaliyohusiana na mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, ambako vikosi vya Waserbia viliwaua maelfu ya wanaume na wavulana wa Kibosniaki, yakiwemo mauaji ya mamia ya wafungwa katika ghala la Kravica.

Hali haikuwa ya upande mmoja tu. Tarehe 10 Februari 1997, katika mji wa Mostar, Wabosniaki waliokuwa wakienda kuzuru makaburi ya ndugu zao siku ya sikukuu ya Bajram, yaani Idi, walipigwa risasi, mmoja akafa na wengine wengi wakajeruhiwa, na uchunguzi wa polisi wa kimataifa uliwataja askari polisi Wakroatia wa upande wa magharibi wa mji kuwa miongoni mwa waliofyatua risasi. Kwa hiyo familia iliyorudi katika nyumba yake baada ya vita, iwe ya Wabosniaki Prijedor au ya jamii nyingine kwingineko, ilikuwa ikirudi kwenye mamlaka ya kituo cha polisi ambacho sare yake iliikumbuka vizuri. Kitambulisho kilitolewa na wizara ileile. Taarifa ya kuvunjiwa dirisha ilipelekwa kwenye meza ileile. Naamini kwamba mtu asiyejaribu kuiona hofu hiyo hawezi kuelewa kwa nini Wabosniaki wengi walilipa suala la polisi uzito kuliko suala la kodi au hata la jeshi.

Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wa polisi wasio na silaha, ambao hadi mwishoni mwa 2002 ulikuwa umewachunguza maaskari mmoja mmoja na kuwazuia mamia yao wasifanye tena kazi ya polisi. Mwisho wa vita walikuwapo maaskari zaidi ya 40,000, na idadi hiyo ilishuka hadi chini ya nusu. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro moja nzito, kwamba waliofutwa hawakupewa nafasi ya kukata rufaa, na kasoro hiyo iliwapa wanasiasa wa kizalendo hoja ya bure kwa miaka mingi. Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulichukua nafasi hiyo kwa ujumbe wake wa polisi, uliokuwa wa kwanza wa aina yake katika historia ya umoja huo, nao ukakaa hadi Juni 2012.

Paddy Ashdown, Mwingereza aliyekuwa Mwakilishi Mkuu kuanzia Mei 2002 hadi Januari 2006, ndiye aliyelifanya suala la polisi kuwa mlango wa kuingilia Ulaya. Alikuwa na mamlaka ya kutunga sheria kwa amri na kuwafukuza viongozi waliochaguliwa, na mwishoni mwa Juni 2004 aliwafukuza kwa siku moja takribani viongozi na maofisa 60 wa Republika Srpska kwa sababu ya kushindwa kuwakamata watuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Siku chache baadaye aliunda tume ya kupanga upya polisi, akamweka Wilfried Martens, waziri mkuu wa zamani wa Ubelgiji, kuwa mwenyekiti. Tume ilipaswa kuongozwa na masharti matatu ya Umoja wa Ulaya: kwanza, mamlaka yote ya kutunga sheria za polisi na kupanga bajeti yao yawe ya taifa, pili, wanasiasa wasiingilie utendaji wa polisi, tatu, mikoa ya polisi ichorwe kwa vigezo vya kazi ya polisi, hata kama itavuka mstari wa maeneo mawili. Bila kuyatimiza, Bosnia isingeanza mazungumzo ya Mkataba wa Uthabiti na Ushirika, ambao ni hatua ya kwanza ya safari ya uanachama.

Kwa macho yangu sharti la pili lilikuwa ndiyo roho ya mageuzi yote. Raia wa Banja Luka, wa Tuzla au wa Mostar hapati faida yoyote bajeti ya polisi ikihamia Sarajevo, mji mkuu wa nchi, ikiwa kamanda bado anateuliwa kwa simu ya mwenyekiti wa chama. Lakini kwa miaka minne ugomvi ulikuwa juu ya sharti la kwanza na la tatu, yaani nani atashika hazina na ramani itapita wapi, na la pili likakubaliwa na kila mtu kwa maneno mazuri bila kujadiliwa kwa dhati na yeyote. Jambo ambalo kila mwanasiasa analikubali haraka mezani linapaswa kutiliwa shaka kuliko lile wanalolipigania.

Kulikuwa pia na udhaifu katika hoja ya Umoja wa Ulaya wenyewe, nao ulitumiwa vilivyo. Hakuna sheria ya umoja huo inayoitaka nchi iwe na polisi moja. Ujerumani inaendesha polisi wake kwa majimbo, na hakuna anayeiambia kuwa haijafikia viwango. Viongozi wa Republika Srpska waliuliza kwa nini kilichofaa kwa Bavaria kisifae Banja Luka, na hawakujibiwa vizuri, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba mageuzi haya yalikusudiwa pia kulipunguzia nguvu eneo lililojengwa juu ya mauaji na kufukuzwa kwa watu. Mtu anaweza kuliona lengo hilo kuwa la haki, nami naona lilikuwa na haki ndani yake, lakini kulivika joho la vigezo vya kitaalamu kuliwafanya Waserbia wa kawaida waamini kuwa wanadanganywa, na mtu anayeamini kuwa anadanganywa hasikilizi tena habari za utawala bora.

Mara nyingi huulizwa kwa nini jeshi liliunganishwa na polisi hawakuunganishwa. Kufikia Januari 2006 wizara za ulinzi za maeneo yote mawili zilikuwa zimefutwa, na watu waliopigana miaka kumi nyuma wakawa chini ya wizara moja. Sehemu ya sababu ni kashfa ya mwaka 2002, ilipogundulika kuwa kiwanda cha Orao cha Bijeljina, kilichoko Republika Srpska, kilikuwa kikiihudumia Iraq kijeshi kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na viongozi wa eneo hilo wakawa hawana pa kusimama. Lakini naona sababu kubwa iko kwingine. Jeshi wakati wa amani hukaa kambini, na chama kinacholipoteza hakipotezi mengi. Polisi wanajua nani anamiliki nini, wanaandika taarifa za ajali ya mtoto wa mkubwa, wanaamua jalada lipi lifike kwa mwendesha mashtaka na lipi lisahaulike, na katika wilaya ndogo ambako ajira ni chache nafasi ya uaskari ni zawadi ambayo chama kinaweza kuigawa. Hakuna chama, cha Waserbia, cha Wabosniaki wala cha Wakroatia, kilichokuwa na hamu ya kuiacha zawadi hiyo.

Katiba ya Dayton iliwapa wote nyenzo za kukwamisha. Katika baraza la wawakilishi lenye viti 42, viti 28 ni vya Shirikisho na 14 ni vya Republika Srpska, na wabunge 10 kati ya hao 14 wanaweza kuuzuia muswada wowote. Katika baraza la watu wa jamii tatu, lenye wajumbe watano wa kila jamii, kundi lolote linaweza kutangaza kuwa maslahi yake muhimu yamehatarishwa. Kinga hizo ziliwekwa kwa sababu inayoeleweka, kwamba jamii iliyotoka vitani isitawaliwe kwa kura za wingi wa jamii nyingine. Madhara yake ni kwamba mwanasiasa anayekataa halipi gharama yoyote, ilhali anayekubali huitwa msaliti.

Dragan Čavić alilionja hilo. Mwaka 2004, akiwa rais wa Republika Srpska, alisimama kwenye televisheni na kukiri kuwa yaliyotendeka Srebrenica yalikuwa ukurasa mweusi katika historia ya Waserbia. Katika majira ya machipuko ya mwaka 2005 mazungumzo ya polisi yaliyofanyika mlima Vlašić yalivunjika juu ya ramani za mikoa, na bunge la Banja Luka likaukataa mpango huo. Ni Čavić aliyelirudisha bungeni pendekezo jipya, ambalo lilipitishwa tarehe 5 Oktoba 2005, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ukafungua mazungumzo na Bosnia mwezi uliofuata. Mwaka mmoja baadaye alishindwa uchaguzi. Mshindi alitoka chama cha Milorad Dodik, aliyekuwa ameshika uwaziri mkuu wa eneo hilo tangu Februari 2006 na ambaye serikali yake ilikuwa imejiondoa katika kurugenzi ya kutekeleza mageuzi na kubaki mtazamaji tu.

Upande wa Wabosniaki uchaguzi huohuo wa Oktoba 2006 ulimleta Haris Silajdžić katika urais wa pamoja wa nchi. Mwezi Aprili mwaka huo chama chake kilikuwa miongoni mwa waliochangia kuanguka kwa mabadiliko ya katiba, yaliyokosa kura mbili tu kutimiza theluthi mbili. Silajdžić alitaka Republika Srpska isiwe na nguvu ya kuzuia sheria, na hatimaye isiwepo kabisa. Dodik alijibu kwa kuzungumzia kura ya maoni ya kujitenga. Kila mmoja alikuwa hoja kuu ya mwenzake. Februari 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kuwa mauaji ya Srebrenica yalikuwa ya kimbari, Silajdžić aliuliza inawezekanaje polisi waendelee kuitwa Polisi ya Republika Srpska katika mji ambao wanawake wake waliwapoteza waume na wana. Swali hilo lilikuwa na uzito wote wa dunia. Dodik naye alishikilia kuwa jina hilo halitaondolewa kwa namna yoyote. Mazungumzo ya chombo kinachotakiwa kuwalinda watu wote yakawa mazungumzo ya maandishi yatakayokuwa kwenye mlango wa gari la doria.

Miroslav Lajčák, Mslovakia aliyeanza kazi ya Mwakilishi Mkuu Julai 2007, alijaribu kusukuma. Septemba mwaka huo Dodik na Silajdžić walitia saini itifaki fupi, lakini vyama vingine vikaikataa. Tarehe 19 Oktoba Lajčák alitoa amri ya kubadilisha taratibu za upigaji kura katika Baraza la Mawaziri ili mawaziri wasiweze kuizuia serikali kwa kutohudhuria tu, na Nikola Špirić, Mserbia aliyekuwa mwenyekiti wa baraza hilo, akajiuzulu. Kwa wiki kadhaa nchi ilikuwa katika mgogoro mkubwa kuliko wowote tangu vita. Ulipotulia, ulitulia kwa bei iliyolipwa na mageuzi yenyewe: viongozi wa vyama sita walitoa tamko mjini Mostar tarehe 28 Oktoba, wakakubaliana mpango wa utekelezaji mwezi Novemba, na Umoja wa Ulaya ukaukubali ingawa ulikuwa mbali sana na masharti yake matatu.

Sheria mbili zilipita Aprili 2008. Ziliunda kurugenzi ya kuratibu polisi, shirika la uchunguzi wa kisayansi wa jinai, shirika la mafunzo, shirika la huduma za polisi, na bodi za usimamizi za ngazi ya taifa. Hazikumpa mkurugenzi yeyote wa taifa mamlaka juu ya polisi wa Republika Srpska au wa kantoni, na uhusiano wa vyombo hivi vipya na vya zamani uliahirishwa hadi katiba itakapobadilishwa. Katiba haijabadilishwa kwa ajili hiyo. Nchi iliyolaumiwa kwa kuwa na vyombo vingi vya polisi ilitoka katika mageuzi ikiwa na kimoja zaidi. Tarehe 16 Juni 2008 mkataba na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Luxembourg, pande zote zikapongezana, na masharti matatu yaliyotajwa kwa miaka minne kuwa hayawezi kujadiliwa hayakutajwa tena.

Katika miaka yote hiyo, kitu kilichokosekana ni sauti ya mtu aliyewahi kwenda kituoni. Wilfried Martens alitoka katika nchi ambayo nayo imegawanyika, kati ya wasemaji wa Kiholanzi na wa Kifaransa, na ambayo ilikuwa imetoka tu kuwapanga upya polisi wake. Kilichoilazimisha Ubelgiji ni hasira ya watu. Polisi wake waliokuwa wakishindana walishindwa kumkamata mapema Marc Dutroux, mtekaji na muuaji wa wasichana, na Oktoba 1996 watu wapatao 300,000 waliandamana Brussels, Waflemish na Wawaloni pamoja. Vyama vikajua kuwa kukataa kuna gharama. Bosnia ilipewa mpango kama huo bila maandamano kama hayo. Ulishuka kutoka kwa Mwakilishi Mkuu na kutoka Brussels, na raia wakaupokea kama habari za wakubwa.

Maandamano yalikuja miaka kumi baada ya sheria kupita. Machi 2018 mwanafunzi wa umri wa miaka 21 alikutwa amekufa mtoni Banja Luka, siku kadhaa baada ya kutoweka. Polisi walisema ilikuwa ajali. Baba yake alikataa, akadai kuwa mwanawe aliuawa na kwamba polisi walikuwa wakificha ukweli, akasimama katika Uwanja wa Krajina jioni baada ya jioni. Watu wakajiunga naye, mwanzoni mamia, kisha maelfu, wengi wao Waserbia wa eneo ambalo viongozi wake walisema kuwa polisi hawa ndio ngao ya taifa lao. Alikuja pia baba mwingine, Mbosniaki wa Sarajevo, ambaye mwanawe alikufa mwaka 2016 na ambaye naye aliambiwa kuwa ilikuwa ajali, ya barabarani. Mei 2018 watu walikusanyika siku moja Banja Luka na Sarajevo wakidai jambo moja. Wazazi hawa wawili hawakuuliza polisi waitwe jina gani wala bajeti itoke wapi. Waliuliza nani aliwauwa watoto wao, na nani anaweza kumchunguza polisi anayeshukiwa kuharibu ushahidi.

Kwangu mimi, yaliyotokea katika uwanja ule ndiyo ushahidi mkubwa dhidi ya hadithi ya chuki za asili. Pale ambapo suala la polisi liliulizwa kama swali la raia na mamlaka, jamii hazikutengana. Zilikaa upande mmoja. Na jibu la serikali lilikuwa la wazi vilevile: mwishoni mwa Desemba 2018 polisi wa Republika Srpska waliwakamata waandamanaji, akiwemo baba yule, wakauondoa ukumbusho uliowekwa uwanjani na kupiga marufuku mikusanyiko. Ngao ya taifa ilikuwa imegeuzwa kwa watu wa taifa hilohilo.

Wanaosema kuwa nchi inaweza kuendelea kuishi hivi wanapaswa kutazama mwaka 2025. Tarehe 26 Februari mahakama ya taifa ilimhukumu Dodik, wakati huo rais wa Republika Srpska, kifungo cha mwaka mmoja na marufuku ya miaka sita ya kushika wadhifa, kwa kukaidi maamuzi ya Mwakilishi Mkuu. Bunge la Banja Luka lilijibu kwa kupitisha sheria za kuizuia SIPA, mahakama ya taifa na waendesha mashtaka wa taifa wasifanye kazi katika eneo lake, sheria ambazo mahakama ya katiba ilizisimamisha. Dodik aliwataka askari Waserbia wa SIPA wahamie polisi wa eneo lake. Hati ya kumkamata ikatolewa, na tarehe 23 Aprili maofisa wa SIPA walipokwenda kumfuata Sarajevo Mashariki walikuta polisi wa Republika Srpska wenye silaha wamesimama mbele yao. Wakarudi. Watu wenye busara wa pande zote mbili walifanya vizuri kutofyatua risasi siku hiyo, na bado inatisha kufikiri kuwa amani ya nchi ilitegemea utulivu wa vijana wachache wenye bunduki kwenye maegesho ya magari. Agosti rufaa ilikataliwa na Dodik akapoteza wadhifa wake, huku kifungo kikibadilishwa kuwa faini. Swali la nani ana haki ya kumkamata nani lilibaki pale lilipoachwa mwaka 2008.

Machi 2024 viongozi wa Umoja wa Ulaya waliamua kufungua mazungumzo ya uanachama na Bosnia, kwa hiyo suala la polisi litarudi mezani. Nawaogopea wale watakaolirudisha wakiwa na ramani mkononi. Ramani ina maana, na siku moja mwanamke wa Srebrenica anastahili kuona sare isiyobeba jina linalomuumiza. Ila kuanzia hapo ni kuwapa tena wanasiasa uwanja wanaoupenda. Kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja: bodi ya malalamiko yenye wajumbe kutoka nje ya polisi na nje ya vyama, yenye wapelelezi wake na haki ya kufungua jalada ambalo kamanda amelifunga, mkurugenzi wa polisi anayepatikana kwa ushindani wa wazi, asiyeweza kuondolewa na waziri katikati ya muda wake, vifo vinavyoshukiwa kuhusisha polisi kuchunguzwa na watu wa eneo jingine kabisa, ili wa Banja Luka wachunguzwe na wa Sarajevo, na wa Sarajevo na wa Banja Luka. Bodi za namna hiyo zipo kwenye karatasi katika sehemu nyingi za nchi, zikiteuliwa na mabunge yaleyale ambayo vyama vyake vinanufaika na ukimya. Sheria za kuzipa meno zinaweza kutungwa Banja Luka na katika kila kantoni bila kugusa neno moja la Katiba ya Dayton, na bila kumhitaji Mwakilishi Mkuu aamuru.